Kati ya Barua na Fedha: Historia ya Kungojea Chuo

Kamati ya kijitabu hiki iligawa kazi mapema. Wengine walipewa habari za hisa, wengine habari za miradi, na sisi tukapewa ukurasa wa elimu, tukaambiwa tueleze watoto waliosomeshwa na sanduku letu tangu mwaka 2015. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Tukayachukua madaftari ya mikopo kwa mweka hazina, tukaketi barazani na kuyafungua mwaka baada ya mwaka, na hapo tukaona jambo ambalo hata sisi tuliokuwa tukigonga mihuri kila Jumamosi hatukuwa tumelitazama vizuri. Mikopo mingi iliyoandikwa "elimu" haikuchukuliwa kulipa elimu. Ilichukuliwa kulipia kungoja. Mama amekopa mwezi wa tisa au wa kumi, mtoto ana barua ya chuo mkononi, lakini jina lake halijatoka kwenye orodha ya mikopo ya Serikali, na chuo kinafunguliwa wiki mbili zijazo.

Basi tumeona tuandike historia ya kungoja huko, maana haikuanza na sisi, na tena zamani haikuwa hivi.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya Uhuru mtoto wa Tanganyika aliyetaka chuo kikuu aliangalia Makerere, Uganda, au ng'ambo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Makerere miaka ya 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh. Makerere ilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, nao walikuwa 6 tu. Chuo chetu wenyewe kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache tu. Siku zile aliyengojea nafasi alikuwa mtu mmoja katika wilaya nzima, na jibu lake lilingojewa na ukoo mzima, na pengine na tarafa nzima. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ilianza kuwalipia wanafunzi kwa bursari, na aliyehitimu alifungwa na mkataba wa kuitumikia nchi miaka 5. Kwa maneno mengine deni lilikuwepo, ila lililipwa kwa kazi, si kwa fedha.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Vijana wa leo wanalisikia darasani kama habari ya elimu ya watu wazima na ya kila mtoto kuanza shule. Lakini lilikuwa na kipengele kingine kilichogusa moja kwa moja mambo tunayoyaandika hapa. Lilisema kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, walau miaka 2, kisha aombe akiwa na barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Nia yake ilieleweka: wasomi wasijione mabwana, wakaonje jasho la wenzao. Hatuandiki hapa kuibeza nia hiyo. Tunaandika kilichowapata wasichana.

Miongoni mwetu yumo bibi mmoja, mwanachama tangu siku ya kwanza, aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1975. Alipata ukarani katika ofisi moja ya mkonge hapa Tanga. Miaka 2 ya kazi kwa kaka yake ilikuwa miaka 2 ya kazi. Kwake yeye ilikuwa miaka 2 ya kuulizwa kila Idi, "Wewe unangoja nini?" Posa zikaja, wazee wakakubali, akaolewa. Idadi ya wanawake waliojiunga na Chuo Kikuu ilishuka kiasi kwamba Serikali yenyewe ikaona, na baada ya muda mfupi tu, katikati ya miaka ile ile ya 1970, wanawake wakaondolewa katika sharti hilo, wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja kutoka shule. Habari ile ilimkuta bibi yetu ana mimba ya miezi mitano. Anasema hakulia. Alikunja gazeti akafungia vitumbua.

Tunaomba msomaji ashike hilo, maana tutalirudia: kungoja kwa msichana si sawa na kungoja kwa mvulana. Mvulana akingoja anazeeka mwaka mmoja. Msichana akingoja kuna watu wanamngojea yeye. Hata nchi ililiona hilo na kubadilisha sheria yake.

Sasa, miaka ile kulikuwa na nafuu moja ambayo watoto wetu hawaijui. Aliyechaguliwa, amechaguliwa. Barua ilikuja kwa posta, katika bahasha ya kaki, au majina yalitoka gazetini, na mtu alitembea hadi mjini kulitafuta jina lake kwa kidole. Kungoja kulikuwa kugumu, hapana shaka, kwa sababu nafasi zilikuwa chache mno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilikuwa chuo kikuu pekee cha nchi hadi Sokoine ilipoanzishwa kule Morogoro mwaka 1984, na kwa miaka yote hiyo wanawake hawakufika hata robo ya wanafunzi. Lakini barua ikishafika, fedha zilikuwa ndani yake. Ada Serikali, chakula Serikali, kitanda Serikali, hata waranti ya kupandia gari moshi au basi. Mzazi alinunua sanduku la bati, shuka mbili na sabuni, akamsindikiza mtoto stesheni. Jibu lilikuwa moja, na lilitoka nyumba moja.

Hali ya uchumi ya miaka ya 1980 wengi wetu tunaikumbuka bila kusoma kitabu, foleni za sukari na khanga za duka la kaya. Mwaka 1988 Serikali ilitangaza kwamba wazazi watachangia gharama za elimu ya juu. Utekelezaji ulianza mwaka wa masomo 1992/93, na ulianza polepole kama maji yanayoingia nyumbani usiku. Kwanza nauli, ada ya maombi, usajili na ada ya chama cha wanafunzi. Kisha chakula na malazi. Na kwa kuwa wengi wasingeweza, mwaka 1994 Serikali ikaanza kukopesha wanafunzi fedha za chakula na malazi kupitia wizara yenye elimu ya juu. Hapo ndipo, kwa hesabu yetu, ile nyumba moja iligawanyika kuwa mbili. Nyumba moja ikawa inasema "umechaguliwa." Nyumba ya pili ikawa inasema "utakula." Na hazikusema kwa siku moja.

Katika kusema haki, miaka hiyo hiyo ilikuwa na mema. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mama aliyekwisha kuzaa akaweza kusoma akiwa kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi waliokosa alama kidogo, wakapigwa msasa kisha wakaingia. Vyuo vikuu vya binafsi navyo vikaanza. Milango iliongezeka. Ila kila mlango ulikuwa na ada yake.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo mkopo ukagusa karibu kila kitu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na mahitaji maalum ya kitivo. Fedha za kujikimu watoto waliziita "bumu", na jina hilo limeingia hadi kwetu, siku hizi bibi wa miaka sabini anauliza, "Bumu limetoka?" Kwa miaka kadhaa lilikuwa sh. 8,500 kwa siku, baadaye likapandishwa kuwa sh. 10,000.

Wakati huo huo shule za sekondari za kata zilikuwa zinajengwa kila mahali, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007 kikiwa kimekusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000. Waombaji wakawa wengi, fungu likawa halitoshi, ikabidi kupima uhitaji. Wanafunzi wakapangwa kwa madaraja, huyu asilimia 100, yule 80, mwingine 60, hadi chini kabisa asiyepata kitu. Daraja likawa neno la kutisha kuliko divisheni. Mtoto alifaulu mtihani wa Baraza, halafu akaingia mtihani mwingine ambao haukufanywa na yeye: ulifanywa na umaskini wa baba na mama yake, na ulisahihishwa kwa karatasi. Novemba 2008 vyuo vikuu vya umma kadhaa vilifungwa baada ya wanafunzi kugoma kwa ajili ya mikopo hiyo, na baadhi yetu tuliwapokea watoto stendi wakiwa na magodoro yao.

Njia ya kuomba chuo nayo ilibadilika mara mbili. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilileta mfumo wa pamoja, mwombaji anaomba mara moja na kuorodhesha vyuo anavyovitaka. Huo ndio tulioukuta kikundi kilipoanza. Mwaka 2017 ukaondolewa, kila mwombaji akatakiwa kuomba chuoni moja kwa moja, na kila chuo na fomu yake na ada yake ya maombi. Mzazi mwenye nafasi aliona ni uhuru. Mama muuza dagaa aliona ni ada tatu badala ya moja. Na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja sharti athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu.

Ile namba, jamani! Katika kikundi chetu peke yetu tumeona namba iliyotumwa kwenye simu ya mwenye steshenari, kwa sababu siku ya kuomba binti hakuwa na simu na kijana wa steshenari alijaza ya kwake kwa wema. Tumeona iliyotumwa kwa kaka aliyekwenda kuvua Pemba. Kutoka hapo tuliweka kawaida kwamba hakuna mtoto wa mwanachama anayeomba chuo kwa namba ya mtu wa nje. Itumike ya mama, hata kama simu ya mama ni ya tochi.

Tumefika kwenye miaka yetu sasa. Kikundi kilianza mwaka 2015 kwa mtindo wa VICOBA, sanduku moja na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na wa nne akikaa na sanduku. Mtindo huu si wa kubuni wetu. Ulianza Niger mwaka 1991, ukaingia kwetu kupitia Zanzibar kwenye mwanzo wa miaka ya 2000, ukasambaa bara. Akina mama wa pwani tulikuwa na upatu tangu enzi za bibi zetu, kwa hiyo haukutushangaza sana, ila upatu haukopeshi na sanduku linakopesha.

Miaka miwili ya kwanza hakuna aliyetaja chuo. Mikopo ilikuwa ya mtaji: samaki, mkaa, vitenge, nazi. Mwaka 2017 ndipo mwanachama wa kwanza alisimama na kuomba mkopo wa kumpeleka binti yake chuo kikuu. Binti alikuwa ameshachaguliwa. Orodha ya kwanza ya mikopo ya Serikali ilikuwa imetoka bila jina lake. Mama akasema, "Mimi siombi mnisomeshee mwanangu. Naomba afike getini akasajiliwe, mengine Mungu atajua."

Hapa inafaa tueleze kwa wapenzi wa kikundi ambao hawana mtoto wa umri huo, maana wengi hudhani mkopo wa Serikali unamaliza yote. Fedha za mkopo hutoka baada ya mwanafunzi kufika chuoni, kusajiliwa na kusaini. Kusajiliwa nako kuna malipo yake ambayo hayangoji. Kwa miaka ile barua za vyuo zilikuwa zikidai bima ya afya sh. 50,400 kwa asiyekuwa nayo, ada ya Tume sh. 20,000, kitambulisho, chama cha wanafunzi, kitanda, na sehemu ya ada kwa aliyepangiwa chini ya asilimia 100. Ongeza nauli, godoro, na chakula cha wiki ambazo bumu halijafika. Tulipopiga hesabu tuliona mtoto aliyepata mkopo na mtoto aliyekosa wote wawili wanaanza na shimo lile lile. Tofauti ni kwamba shimo la mmoja litafukiwa Novemba au Desemba, na la mwingine halijulikani.

Mkutano ule ulikuwa mkali kuliko wowote. Waliopinga hawakuwa na roho mbaya, na tunaandika hoja yao kwa heshima kwa sababu ilikuwa na uzito. Walisema mkopo wa biashara unarudi kwa biashara, huu utarudi kwa nini? Bumu ni la mtoto, si la mama, na mtoto wa watu akishika fedha mara ya kwanza hatujui. Mmoja akasema neno ambalo limebaki hadi leo, "Sanduku si Bodi ya Mikopo." Upande wa pili akainuka yule bibi wa kidato cha sita cha 1975. Hakusema mengi. Akasema, "Mwambieni akae mwaka mmoja nyumbani. Mimi nilikaa miwili." Kisha akaketi.

Mama alipewa. Alipewa kiasi cha usajili na nauli tu, akawekewa miezi 6, na wadhamini watatu badala ya wawili. Jina la binti lilitoka kwenye orodha ya pili, asilimia siyo kubwa, lakini lilitoka akiwa tayari chuoni. Deni lilirudi mwezi wa tano, mwezi mmoja nyuma ya ahadi, na lililipwa kwa maandazi, si kwa bumu.

Tungeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Mwaka uliofuata tulimpa mwingine kwa utaratibu ule ule, na jina la mtoto halikutoka kabisa, orodha zote, na rufaa yake haikufua dafu. Alisoma hadi Februari akaahirisha mwaka. Mama alirejesha deni la elimu ambayo haikuendelea, na alirejesha lote, kwa kuuza cherehani. Cherehani lile lilikuwa limenunuliwa na mkopo wetu wa kwanza kabisa. Hatukuona raha. Kijana alirudi nyumbani, akafanya kazi bandarini, na mwaka wa tatu akaingia chuo cha ufundi, sasa anajitegemea. Kila tukimwona mama yake kwenye kikao tunajua alilipa nini.

Baada ya hapo tulikaa kuchunguza kwa nini huyu apate na yule akose, wakati wote tunawajua nyumba zao na hali zao. Jibu lilikuwa karatasi. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Wengi wetu tulizalia nyumbani kwa mkunga, cheti tulikikata mtoto akiwa kidato cha nne kwa haraka ya shule, na jina likaandikwa kama karani alivyosikia. Cheti kinasema Mwanahamisi, matokeo ya Baraza yanasema Mwanahamis. Kwa mama ni mtoto yule yule aliyemnyonyesha. Kwa mfumo ni watu wawili. Hapo anahitaji wakili na hati ya kiapo, na dirisha la maombi lina siku zake. Ada ya maombi ya mkopo sh. 30,000, uhakiki wa cheti sh. 3,000, wakili, steshenari ya kuchapa na kupandisha nakala, mwenyekiti wa mtaa mwenye muhuri ambaye yuko shambani. Kila moja ni dogo.

Lipo gumu kuliko hayo na hatutalipita kimya. Yatima ana cheti cha kifo cha mzazi, kinahakikiwa, uhitaji wake unaonekana. Kaya iliyomo TASAF ina namba yake. Lakini kati yetu wako akina mama ambao baba wa watoto hakufa. Ameondoka tu. Ana mke mwingine, mji mwingine, pengine na kazi nzuri, na hajatuma hata daftari. Kwenye fomu baba huyo ni hai na ana kazi. Mtoto wake anaonekana ana wazazi wawili kuliko hata mtoto wa mvuvi aliye na baba ndani. Kufa kuna cheti, kutelekeza hakuna. Wako waliotushauri tuseme baba hajulikani. Tulikataa, kwa sababu mtoto ndiye anayesaini fomu na yeye ndiye atakayeulizwa. Tulichofanya ni kwenda ustawi wa jamii mapema, wakati mtoto bado yuko kidato cha tano, malalamiko yaandikwe na barua ipatikane. Haikusaidia kila mara. Kwa wawili ilisaidia wakati wa rufaa.

Toka mwaka 2019, basi, kikundi kina taratibu mbili. Ya kwanza ni ya karatasi. Kila Januari katibu anapita kwa wenye watoto kidato cha tatu kwenda juu, anakagua vyeti, majina herufi kwa herufi, anaandika katika daftari la kijani. Wengine waliona ni umbea. Siku hizi wanamletea wenyewe. Ya pili ni ule mkopo wenyewe, ambao kwenye katiba unaitwa mkopo wa dharura ya elimu lakini hakuna anayeuita hivyo. Kwa kuwa ngojangoja huumiza matumbo, sisi tunauita mkopo wa tumbo. Unatoka mfuko wa jamii, hauna riba, hauzidi gharama za usajili na nauli na chakula cha mwezi mmoja, na una sharti lililotokana na lile cherehani: mama hawezi kuweka rehani kitu anachofanyia kazi.

Tulibishana pia kama upendeleo uwepo kwa wasichana pale fungu linapokuwa dogo. Wenye wavulana walilalamika, na haki yao. Tulipitisha kwamba wasichana wahudumiwe kwanza, na anayetaka kujua sababu amuulize bibi.

Mambo mengine yamelegea tangu tuanze. Ada ya sekondari ya kawaida ilifutwa Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, kwa hiyo mama anafika mwaka wa chuo hajakaushwa kabisa. Ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni la mhitimu ilifutwa mwaka 2021, na waliofurahi zaidi ni wale wanaokatwa asilimia 15 ya mshahara wakiona deni halipungui. Tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu sana sayansi, na tangu 2023 baadhi ya kozi za stashahada nazo zina mkopo. Hili la stashahada limegusa nyumba nyingi hapa kwetu, maana si kila mtoto anakwenda chuo kikuu na si lazima aende.

Lakini zile nyumba mbili bado ni mbili. Mtihani wa kidato cha sita Mei, matokeo Julai, barua za vyuo zinaanza kutoka Agosti au Septemba, na majina ya mikopo yanatoka kwa awamu hadi vyuo vimefunguliwa. Zamani aliyengoja alikuwa na redio na posta, na baina ya habari na habari alilala. Sasa mtoto ana simu chini ya mto, anaamka saa nane usiku kuangalia kama hali imebadilika, na mama anaona mwanga chini ya mlango, naye halali.

Yule binti wa kwanza, wa mwaka 2017, ni mwalimu wa hisabati sasa. Mwaka jana alijiunga na kikundi, ndiye mwanachama mdogo kuliko wote, na ndiye anayeshika daftari la kijani baada ya katibu wa zamani kuumwa macho. Mwaka huu alipita nyumba 11. Amekuta majina yasiyolingana kwa watoto 3, wawili yamesharekebishwa, wa tatu anasubiri barua ya shule. Mkopo wa tumbo umetengewa watu wanne, na walioomba ni watano, wasichana watatu na wavulana wawili. Kikao cha kuamua ni Jumamosi baada ya sherehe, saa kumi, pale pale kwa mweka hazina. Wenye funguo wasichelewe.